Bimu Waliyoiacha Siku ya Msiba wa Baba

Jumatatu jioni. Ukungu tangu asubuhi, na yale manyunyu ya Julai ambayo hayakuloweshi haraka lakini yanakufikia mpaka kwenye mifupa. Makambako leo huoni ng'ambo ya barabara. Nimerudi kutoka saiti na matope mpaka magotini, nimekaa jikoni kwa Mama hapa Mahongole, sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Basi ngoja niandike, maana kuandika hakuhitaji mtu akujibu.

Leo tumevunja bimu ya jukwaa la magharibi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni msimamizi wa ujenzi upande wa chuo. Mkandarasi anajenga, mimi naangalia kwa niaba ya chuo kama amejenga inavyotakiwa. Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji na kina uwanja wa mpira ambao ni wa chuo kwenye makaratasi tu. Hali halisi ni kwamba uwanja ni wa kila mtu. Wanafunzi wanaucheza, lakini wanaojaza majukwaa ni wakulima wa viazi, mama wa sokoni, waendesha bodaboda na wanakwaya wa usharika. Timu ya chuo ikifungwa, mji mzima unanuna mpaka Jumatano.

Ndiyo maana ukarabati ulipopangwa, wakubwa wakasema uwanja ufungwe mpaka kazi iishe, watu waligoma. Mama Tumaini, kiongozi wa mashabiki, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la tatu, alisimama kwenye kikao akauliza: "Kwani ninyi mkitengeneza nyumba mnahamia porini? Si mnahamishia kitanda chumba cha pili, maisha yanaendelea?" Watu wakapiga makofi, na wakubwa wakanywea. Tukakubaliana tutakarabati watu wakiwa ndani. Tukibomoa mashariki, mashabiki wanakaa magharibi. Tukigeukia magharibi, wanahamia nyuma ya goli. Na kabla ya kila mechi, mimi ndiye ninayesema wapi pafunguliwe na wapi pafungwe.

Miezi ya mwanzo nilicheka jamani. Mashabiki wote waligeuka mafundi. Mtu anapiga lipu pembeni ya uwanja, jukwaa zima linampigia kelele, "Kulia pamebonyea! Kulia!" Mshambuliaji akikosa goli, wanasema mashine ya kuchanganyia zege imempigia kelele sikioni. Vibarua wetu nao wakawa na nyimbo zao. Nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini, jambo ambalo sikulitegemea kwa umri huu.

Halafu Baba akafa.

Alikuwa anaumwa tangu mvua za masika, tulijua, lakini kujua hakumsaidii mtu. Siku ile tulikuwa tunamwaga zege la bimu ya jukwaa la magharibi. Bimu ni ule mhimili mnene unaolala juu ya nguzo na kubeba ngazi zote ambazo watu watakalia. Zege lake likianza kumwagwa halisimami mpaka mwisho. Ni kama kusonga ugali, huwezi kuacha katikati ukaenda sokoni ukarudi kuendelea. Tulikuwa tumefika kama nusu, karibu na nguzo ya pili, simu ikalia. Mama akasema, "Eliza, njoo nyumbani. Baba yako amepumzika."

Nilimwambia Tito peke yake. Tito ndiye kiongozi wa vibarua, mtoto wa jirani yetu, tumekua pamoja. Nikasema, "Kaka Tito, Baba amefariki," nikapanda bodaboda.

Sasa, asiye wa huku aelewe jambo hili. Kwetu, maiti akiwa ndani hajazikwa, jembe haliguswi. Hakuna anayelima, hakuna anayepasua mbao, hakuna anayechimba kitu chochote isipokuwa kaburi. Ukionekana shambani siku ya msiba wa jirani, siku yako ikifika utajizika mwenyewe. Hakuna sheria iliyoandikwa mahali, lakini hakuna sheria inayofuatwa kuliko hiyo. Na vibarua wetu karibu wote ni wa Mahongole.

Tito alizima mashine. Wakaosha mabeleshi, wakafunika zege lile kwa magunia yaliyoloweshwa maji, wakaja.

Waliingia nyumbani kwetu mchana ule wakiwa na mabuti ya kazini, simenti kwenye nyusi, wakachukua majembe bila kuambiwa, wakaenda kuchimba. Sikulia nilipouona uso wa Baba. Nililia nilipowaona wale. Nilisema moyoni, kumbe tuna watu. Kumbe Baba alikuwa na watu.

Na nitasema na hili, maana hapa ni kwangu na simdanganyi mtu. Wakati napanda bodaboda nilijua zege liko katikati. Nimelisomea. Kulikuwa na sentensi mdomoni, fupi tu: malizieni kwanza, halafu mje. Sikuisema. Ningeisemaje? Ni nani anatoka kufiwa na baba yake, halafu anageuka kuwaambia watu wasije?

Nilipomaliza siku za matanga na kurudi saiti, jukwaa lilikuwa limesimama lote. Waliendelea baada ya mazishi. Nilimuuliza injinia wa mkandarasi, mtu anayekaa Njombe mjini na kuja kwetu anapojisikia, akasema zege limeshika, hakuna neno. Mbao za kuzuia zege zilikuwa bado hazijafunguliwa, sikuona kitu. Nikaamini. Niseme ukweli, nilitaka kuamini.

Wiki iliyopita mbao zikafunguliwa.

Mstari ule ulinikodolea macho. Ulikuwa karibu kabisa na nguzo, umelala mshazari, pale pale zege lilipojilaza lenyewe wakati wanaume wanaosha mabeleshi. Juu yake rangi moja, chini yake rangi nyingine. Karibu na nguzo ndiko mzigo unakobanana, na huo ndio mlalo mbaya kuliko yote, maana kipande kimoja kinaweza kuteleza juu ya kingine. Alhamisi, baada ya manyunyu ya upepo, nikakuta maji yanachuruzika kutoka kwenye mstari ule. Maji yakipita, maana yake hapakushikana.

Nilimpigia injinia. Akasema, "Pigeni lipu hapo. Jumamosi watu wakae, ni mechi moja tu." Nikamuuliza kama angewakalisha wanawe juu yake. Akajibu kwamba wanawe wako Dar es Salaam.

Mh! Nilikata simu.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali, na wapinzani ni wale wa Njombe. Mtu wa huku hahitaji maelezo zaidi. Makambako inapokutana na Njombe hata wagonjwa hupata nafuu. Mashariki tulikuwa tumeshafukua kila kitu, hakuna pa kukanyaga. Nyuma ya goli pana kilima kidogo cha majani kisichofika robo ya watu. Jukwaa la magharibi ndilo lililokuwa limesubiriwa, jipya, kubwa, na watu walishaanza kupangana nani atakaa wapi. Ijumaa asubuhi nikalifunga.

Nilisema tu kwamba si salama. Sikueleza kwa nini. Ningeanzia wapi kueleza? Kwamba bimu ni mbovu kwa sababu mlikuja kumzika baba yangu?

Lakini Makambako hakuna siri. Kufika Ijumaa jioni kila mtu alijua ni bimu ipi na kazi yake ilisimamishwa siku gani.

Jumamosi kilima kile kilijaa mpaka watu wakawa wanashikana mikono wasiteleze. Waliobaki walisimama nje ya uzio kwenye manyunyu, wamejifunika mablanketi, wanatazama mpira kupitia kwenye nyavu. Wazee, wamama wenye watoto mgongoni. Na kulia kwao jukwaa jipya limesimama tupu, kavu chini ya paa lake, limezungushiwa kamba nyekundu. Kila mtu aliliona. Kila mtu aliniona na mimi.

Mama Tumaini hakupiga kelele safari hii. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinijia taratibu pale getini, ngoma yake kwapani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu: "Kwa baba yako tuliweka majembe chini, Eliza. Wewe leo umetuweka sisi kwenye mvua."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Tukafungwa moja bila. Bila shaka kosa ni langu. Wachezaji walikosa nguvu kwa sababu mashabiki walikuwa nje, na mashabiki walikuwa nje kwa sababu yangu. Hesabu rahisi.

Jana kanisani watu walinisalimia "Kamwene" kwa ncha za vidole. Unajua ile salamu mtu anakupa mkono kana kwamba anaupima moto. Mama alikaa pembeni yangu amenyooka kama kijiti. Tulipotoka hakuongea mpaka tumefika nyumbani. Hapo akaweka Biblia mezani akasema, "Watu waliacha kazi ile kwa heshima ya baba yako. Na wewe unaiita mbovu." Akaingia chumbani kwake.

Nilitaka kumfuata nimweleze habari za nondo na mzigo na mstari wa mshazari. Nikaona haya. Kuna wakati elimu yote uliyonayo haifiki hata mlangoni kwa mama yako.

Nilikaa pale sebuleni nikijiuliza kama nimekosea. Siyo kuhusu zege, kuhusu zege nilikuwa na uhakika, au karibu na uhakika. Nilijiuliza kama ningeweza kuzunguka. Kuweka mirunda ya kuegemeza chini ya bimu, kupunguza watu, kuomba Mungu. Watu wanafanya hivyo kila siku na majengo yanasimama. Ningekuwa na jukwaa lililojaa, na mama anayeongea na mimi.

Wakubwa wa chuo walisema hivi: ukisisitiza, vunja, lakini ikivunjwa ikakutwa nzima, jina litakalochafuka ni lako. Haya. Jina langu.

Basi leo asubuhi tukaanza. Injinia hakuja. Tukasimamisha mirunda ya mikaratusi chini ya ngazi zote ili zisitufuate kichwani, Tito akagawa nyundo na tindo. Vibarua walikuwa kimya. Siku nyingine ungesikia utani, mtu anamwimbia mwenzake habari za shemeji yake, leo hakuna. Walikuwa wanavunja kazi ya mikono yao, na walikuwa wanavunja na kitu kingine ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Mmoja alishika nyundo, akaniangalia, akaniangalia tena. Nikamwambia aanze.

Najua ni dhambi, lakini nitaandika. Wakati nyundo zinapiga nilikuwa naomba bimu ile iwe mbovu. Nilisimama pale kwenye ukungu naomba kazi ya watu waliomzika baba yangu iwe mbovu, ili mimi nisiaibike. Kisha nikashtuka nikaanza kuomba iwe nzima. Sikujua tena naomba nini.

Haikuwachukua muda. Zege zima linagoma, linatoa cheche, linachosha mikono. Hili, nyundo zilipofika kwenye mstari, lilitoka kipande kizima, kama unavyotenga mfuniko na sufuria. Uso wa chini ulikuwa laini, una vumbi, na nyuzi za gunia zimegandia juu yake. Jipya na la zamani hayakuwahi kujuana. Kilichokuwa kinashikilia pale ni nondo peke yake, na nondo zenyewe zimeanza kutu kwa maji yaliyokuwa yanapita.

Nyundo zikanyamaza. Tito akasogea, akapitisha kiganja juu ya ule uso laini. Nadhani wote tuliona picha moja: jukwaa limejaa, ngoma ya Mama Tumaini, goli linaingia, watu wote wanaruka kwa pamoja.

"Tulilifunika vizuri, dada," Tito akasema. "Tulimwagia maji, tukalifunika. Tulidhani litasubiri."

Nilitaka kumwambia si kosa lenu. Badala yake nilisimama pale nalia kama mtoto mbele ya wanaume wa watu, na wao wakaangalia chini, wakaniacha nilie. Nilikuwa sahihi. Sijawahi kuwa sahihi kwa uchungu namna ile. Watu walinipenda siku ile vizuri kuliko walivyowahi kunipenda, na upendo wao ukakaa mle ndani ya bimu ukisubiri kuua mtu.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Tumesafisha mpaka kwenye zege zima, nondo tumezipiga brashi. Jukwaa litafungwa wiki nyingi, na mashabiki watabanana kwenye kilima chao. Mama Tumaini alipita, akaangalia kile kipande pale chini, akakigusa kwa mguu, akaondoka. Sidhani kama mtu anakushukuru kwa jambo ambalo halikutokea.

Tulipokuwa tunaosha vyombo vya kazi, Tito akaniuliza swali. Aliuliza kwa adabu, kofia mkononi, na nikaona wengine wameacha kuosha ili wasikie. Aliuliza, bimu ikianza kumwagwa upya, halafu simu ikalia, wafanyeje.

Nilijua lazima nijibu. Na nilijua nikijibu vibaya itabaki hivyo.

"Mnamaliza zege," nikasema. "Mpaka mwisho. Halafu ndiyo mnakuja."

Akafikiri. "Hata akiwa ni mama?"

Mama ana miaka mingi na kifua kinachokoroma kila baridi. Anaowategemea kumchimbia ni hao hao waliokuwa mbele yangu. Nikaona kaburi lake halina wa kulichimba, na wao wako jukwaani wanajaza ndoo, kwa amri yangu.

"Hata akiwa ni mama."

Tito akaitikia kwa kichwa. Akageuka, akawaambia wenzake kwa Kibena, ingawa wote walikuwa wameshasikia kwa Kiswahili. Kuna maneno hayaingii mpaka yasemwe kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyecheka. Wakamaliza kuosha, wakaniaga mmoja mmoja.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu ili nichelewe. Nilipanga namna ya kumwambia Mama mwenyewe kabla hajaambiwa. Nilipoingia jikoni alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto anamenya viazi, na kwa jinsi alivyokuwa hanitazami nikajua habari imeshanitangulia. Nikakaa. Nikavua mabuti. Nikasubiri anifukuze.

Akamenya kiazi kizima, akakitupa kwenye sufuria.

"Nasikia siku hizi kufa ni kwa kuulizia kwanza kama kuna zege," akasema.

Nikasema, "Mama, nisamehe." Akasema hakuna cha kusamehe, Tito amepita, amemweleza alichokiona. Alisema hakulala usiku wa jana akidhani nimemdharau marehemu. Kisha akageuza kisu mkononi, anafikiri jambo.

"Jumapili mnamwaga?"

Nikamwambia hapana, Mama, Jumapili hatumwagi zege.

"Basi Jumapili," akasema, akachukua kiazi kingine.

Nilicheka mpaka nikakohoa moshi. Na yeye akacheka, kikohozi chake kikamshika, kikamtikisa mabega kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikampigapiga mgongo. Umepungua mgongo wake, unahesabu mifupa.

Sasa amekwenda kujilaza. Mimi nipo hapa na simu yangu na moto unaofifia. Tutamwaga bimu upya wiki hii, ukungu ukiturehemu, na kabla mashine haijawashwa nitawakumbusha neno lile lile, mbele ya Tito na wote, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Lakini Mungu wangu, uliyesikia alichosema mama yangu: iwe Jumapili.